Bodi mbovu haipimwi kwa kilo

Katika miji ya Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, redio, runinga, king'amuzi au inveta ikishamshinda fundi, safari yake iliyobaki ni fupi. Mnunuzi wa skrepa anataka shaba ya transfoma, alumini ya kipoza joto na chuma cha kasha. Nyaya hutiwa moto ili zitoe shaba. Bodi yenyewe, ile sahani ya kijani au ya kahawia iliyobeba spea zote, ama inauzwa kwa kilo kwa bei ya kutupa, ama inaishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Hoja yangu ni kwamba hapo tunaokota kidogo na kutupa kingi. Bodi ambayo haiwaki tena bado imebeba spea nzima kwa makumi, na kwa wilaya zilizo mbali na soko la Kariakoo la Dar es Salaam kama hizi mbili, kazi ya kuzifumua spea hizo, kuzipima na kuzirudisha kwenye vifaa vingine inastahili kutambuliwa na halmashauri kuwa ufundi halali, kufundishwa vyuoni na kuwekewa utaratibu wake. Kuuza bodi kwa kilo ni sawa na kuuza ng'ombe kwa bei ya ngozi yake.

Anayedhani kuwa nyanda za juu za Kigoma hazina vifaa vya kutosha kwa kazi hiyo, aitazame historia ya umeme ya mkoa. Hadi mwaka 2022 miji ya Kasulu na Kibondo iliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, na vijiji vingi havikuwa na umeme wowote. Watu hawakukaa kusubiri. Walijinunulia umeme wao kidogo kidogo: paneli ya sola, kidhibiti chaji, betri, inveta, taa ya kuchaji, redio. Gridi ya Taifa ilipofika mwaka huo, majokofu, sabufa na runinga bapa vilipata soko jipya, na vile vya sola vikaanza kupangwa kwenye kona za stoo. Kabla yake, kuzimwa kwa matangazo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kulikwisha kuingiza ving'amuzi katika nyumba zenye runinga nchi nzima. Na Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozifungia simu bandia, simu zilizokuwa zikifanya kazi asubuhi zilikuwa hazina maana jioni. Tena ukanda huu una jambo ambalo wilaya nyingi hazina, nalo ni kambi za wakimbizi. Nyarugusu ipo Kasulu tangu mwaka 1996. Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya kwao, na jirani huko Kakonko, Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Kambi zimekuja na ofisi, na ofisi zimekuja na kompyuta, printa, redio za mawasiliano na mitambo ya sola. Wakimbizi nao wamegawiwa taa za sola ambazo betri zake zikichoka, mara nyingi hazina pa kurudishwa. Juu ya yote hayo kuna radi. Mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na milima hii ya Buha haiko mbali na mawingu hayo.

Tuifuate radi hiyo mpaka ndani ya runinga, maana humo ndimo ulimo ushahidi. Msukumo wa umeme ukipita kwenye waya wa ukutani unakutana kwanza na fyuzi, kisha varista, kisha dayodi nne zinazougeuza umeme wa AC kuwa DC, kisha mosifeti kubwa inayoukata umeme huo makumi elfu ya mara kwa sekunde. Hizo ndizo zinazoungua, pengine pamoja na chipu inayoiongoza mosifeti. Upande wa pili wa transfoma, mara nyingi kila kitu kimesalimika: dayodi za kasi, koili, vidhibiti volti, chipu ndogo ya TL431 inayosimamia kipimo cha volti, na PC817 inayopeleka taarifa kwa mwanga kutoka upande mmoja hadi mwingine ili umeme mkubwa usivuke. Hizi mbili za mwisho, au pacha zake, zimo katika chaja za kompyuta, ving'amuzi, runinga na mashine za printa za miaka mingi iliyopita. Fundi anayezihitaji hana haja ya kutafuta bodi inayofanana na yake. Bodi ya kifaa chochote chenye mfumo huo itamtosha.

Radi ni mfano mmoja tu. Runinga bapa iliyopasuka kioo ikiwa imebebwa juu ya pikipiki inahesabiwa imekwisha, kwa sababu kioo kipya kinakaribia bei ya runinga, lakini bodi zake za umeme na za picha hazikuguswa na ajali hiyo. Inveta iliyozidishiwa mzigo huunguza mosifeti zake, na transfoma yake nzito ya shaba, ambayo ndiyo gharama kubwa ya inveta nyingi za zamani, inabaki nzima. Kisha inaenda kukatwakatwa ili ipimwe kwa kilo. Sabufa iliyoungua spika bado ina transfoma, dayodi na chipu ya kukuza sauti. Balbu ya LED iliyozimika, mara nyingi taa moja tu kati ya zile ndogo zilizopangwa mstari mmoja ndiyo iliyokatika, na kwa kuwa umeme unapita kwa kufuatana, zote zinazima pamoja. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ndiyo tajiri kuliko zote: dayodi za kasi zenye kubeba ampea nyingi, mosifeti au transista za volti kubwa, koili zilizosokotwa kwa waya mnene, vipoza joto, feni ya volti 12, na nyaya za rangi zenye plagi zake. Katika vyuo vingi vya ufundi hivyo vyote vingekuwa vifaa vya mafunzo kwa muhula mzima. Shuleni kwetu mada ya elektroniki imo katika fizikia ya kidato cha nne, dayodi na transista zikiwemo, na mwanafunzi anaweza kuimaliza akiwa ameziona kwenye mchoro wa ubaoni peke yake, wakati zinaoza kwenye jalala lililo umbali wa kutembea kutoka darasani.

Pingamizi la kwanza ninalotarajia ni la bei. Spea mpya za China ni rahisi mno, atasema mtu, na rezista au dayodi inauzwa kwa pesa ya pipi. Kwa nini fundi akae saa nzima akifumua ya zamani? Hesabu hiyo ni sahihi kwa aliye Kariakoo. Kutoka Kibondo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na barabara ya Nyakanazi, Kibondo, Kasulu hadi Kidahwe ilikuwa ya vumbi na tope kwa miaka mingi kabla lami haijaanza kuikaribia. Spea ya shilingi mia chache inaagizwa kwa simu, inalipiwa kwa simu, inapakiwa kwenye basi kama kifurushi, na gharama ya kifurushi inaizidi spea yenyewe mara kadhaa. Ikifika siyo, fundi hana wa kumrudishia. Mteja, ambaye alileta redio kwa sababu hakuwa na fedha ya kununua nyingine, anangoja wiki, kisha anaambiwa bei imepanda. Umbali huo huo unaofanya spea mpya kuwa ghali ndio unaoifanya bodi chakavu kuwa haina thamani kwa mnunuzi wa kilo, kwa sababu naye atalazimika kuisafirisha. Kwa hiyo njia yenye akili ni kuitoa ile sehemu nyepesi na yenye thamani hapa hapa, itumike hapa hapa, na kinachosafirishwa kiwe mabaki. Kuna jambo jingine ambalo wanaotetea spea mpya hulipita haraka. Soko la transista za nguvu na chipu za kukuza sauti limejaa bandia zilizoandikwa namba isiyo yake, ambazo zinakubali mita lakini zikipewa mzigo zinapasuka. Mosifeti iliyotolewa kwenye inveta ya kiwanda kinachojulikana, ikiwa imepimwa, ina nafasi nzuri ya kuwa halisi kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Na ziko chipu ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Hizo hazipatikani popote ila ndani ya bodi nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la sumu. Hapa sina nia ya kupunguza makali, kwa sababu dunia imekwisha kuonyeshwa matokeo ya kazi hii ikifanywa vibaya. Guiyu, mji wa mkoa wa Guangdong nchini China, uliishi kwa kuvunja vifaa vya kielektroniki. Bodi zilipashwa moto juu ya majiko ya makaa ili chipu zidondoke, nyaya zikachomwa nje, na dhahabu ikachujwa kwa tindikali kando ya mto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta zaidi ya watoto wanane kati ya kila kumi waliopimwa Guiyu wana madini ya risasi katika damu kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha kutia hofu. Agbogbloshie ya Accra, Ghana, ilijulikana duniani kote kwa moshi wa nyaya zinazochomwa hadi ilipobomolewa mwaka 2021. Mtu akisema kwamba hataki Kasulu iwe Guiyu, niko upande wake kabisa.

Lakini tuulize ni kitu gani hasa kilichowatia sumu watoto wale, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua tufanye nini. Plastiki ya bodi imechanganywa na kemikali zenye bromini ili isishike moto kirahisi, na ngozi ya nyaya nyingi ni PVC yenye klorini. Vikichomwa kwenye moto wa wazi, hasa ule wa kufuka, vinazaa dioksini, sumu ambayo hukaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Tindikali inayeyusha metali na kuziingiza kwenye maji. Moto, tindikali na vumbi la kusaga: hayo matatu ndiyo yaliyoiharibu Guiyu. Fundi mwenye pasi ya kulehemu na bomba la kunyonyea hafanyi hata moja kati yake. Lehemu ya zamani, mchanganyiko wa bati na risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi, ambayo Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa vifaa vingi kuanzia Julai 2006, inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Pasi inafanya kazi karibu na nyuzi 350. Risasi huchemka kwenye nyuzi zinazozidi 1700, kwa hiyo kwenye meza ya fundi hairuki kuwa mvuke wa kutisha. Moshi anaouona fundi unatoka kwenye utomvu unaosaidia lehemu kushika, nao unaleta pumu kwa anayeuvuta kila siku, kwa hiyo dirisha liwe wazi na feni iuvute pembeni. Risasi yenyewe inaingia mwilini kwa njia nyingine, rahisi kuizuia na rahisi kuisahau: vidole. Fundi ameshika lehemu asubuhi nzima, anakula muhogo bila kunawa, anarudi nyumbani na vumbi lile lile kwenye shati na kumbeba mtoto. Sabuni, maji, shati la kazi linalobaki kazini, na meza ya kazi isiyokaa ndani ya chumba wanacholala watoto; hivyo vinaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo, na ni vitu ambavyo mji wowote wa Tanzania unaweza kuvimudu.

Kuna hatari nyingine ambazo zinahitaji mafunzo, si sabuni. Kapasita kubwa ya pawa saplai inayotumia umeme wa volti 230 huchajiwa hadi volti 325 hivi, na inaweza kubaki na umeme huo baada ya plagi kuchomolewa. Ifyonzwe kwa rezista au balbu kabla ya mkono kugusa. Runinga za chogo zina umeme wa zaidi ya volti elfu ishirini kwenye kioo, na kioo chenyewe kina risasi, kwa hiyo kisivunjwe kabisa. Taa za nyuma za runinga bapa za mwanzo ni mirija yenye zebaki. Betri za lithiamu zikitobolewa zinawaka. Mtu aliyejifunza haya kwa wiki chache anaweza kufanya kazi kwa usalama, na ambaye hakujifunza yuko hatarini leo hii, kwa sababu kazi yenyewe tayari inafanyika. Wale wanaotaka ufumuaji wa bodi upigwe marufuku kwa sababu ya sumu hawatauondoa. Wataondoa ule wa mezani unaoonekana, na kuuacha ule wa motoni unaofanyika usiku bondeni.

Wapo wanaouliza kama spea iliyokwisha kutumika inaweza kuaminiwa. Swali hili ni la haki, na jibu lake linategemea spea ipi. Rezista, kapasita za kauri na za plastiki, dayodi, koili na transfoma havichakai kwa matumizi ya kawaida. Vikipimwa vikawa sawa, vinaweza kudumu miongo mingine. Kapasita za maji, zile za umbo la kopo, ni habari nyingine. Ndani yake kuna kimiminika kinachokauka, na kanuni inayojulikana kwa mafundi wasomi ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wake unapungua kwa nusu. Aliyezitoa kwenye kifaa kilichofanya kazi miaka kumi ndani ya kasha lenye joto asizipachike kwenye kifaa cha mteja bila kipimo kinachosoma ukinzani wa ndani, na mara nyingi ni afadhali anunue mpya. Rilei na swichi zina ncha zinazoliwa na cheche. Hata ile PC817 niliyoisifu inapoteza mwanga wake polepole kadiri miaka inavyokwenda. Fundi anayejua tofauti hizi anatoa huduma bora. Asiyezijua anarudishiwa redio na mteja mwenye hasira, na kosa linawekwa juu ya spea za zamani zote kwa jumla. Mwaka 2012 kamati ya ulinzi ya Baraza la Seneti la Marekani ilitoa ripoti kuhusu spea za kielektroniki zinazotiliwa shaka zilizoingia katika vifaa vya jeshi la nchi hiyo. Ilikuta kesi zipatazo 1,800 na spea zaidi ya milioni moja, nyingi zikifuatiliwa hadi China, na miongoni mwake zilikuwamo zilizotolewa kwenye taka, zikaoshwa, zikasuguliwa namba na kuuzwa kama mpya. Jeshi lile lilidanganywa kuhusu umri wa kile lilichouziwa. Kwetu dawa yake ni ndogo: spea ya zamani iuzwe kwa jina la spea ya zamani, kwa bei yake, ikiwa imepimwa mbele ya mnunuzi, na risiti iseme hivyo.

Wengine watasema elektroniki ya sasa ni ndogo mno, spea zimebandikwa juu ya bodi kama punje za mtama, na zama za kufumua zimepita. Kwa bodi za simu nakubali karibu yote. Hizo zina dhahabu kidogo na thamani yake iko kwa wachakataji wakubwa. Lakini upande wa umeme mkubwa, katika inveta, sabufa, runinga na pawa saplai, bado una spea zenye miguu inayopita kwenye matundu, na mafundi simu wetu wanatumia mashine za hewa moto kila siku kwa zile ndogo.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la heshima. Afrika imefanywa jalala la nchi tajiri, na mtu anaweza kuona kwamba kuwatukuza wafumuaji ni kukubali nafasi hiyo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na wa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao unakataza kuingizwa kwa taka hatari barani mwetu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Basel yanataka taka zote za kielektroniki, hatari na zisizo hatari, zisivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Ulinzi huo ukazwe na usilegezwe hata kidogo. Ninachozungumzia hapa ni taka zetu wenyewe: runinga iliyonunuliwa na mwalimu wa Kasulu kwa mshahara wake, inveta ya duka la Kibondo, taa ya mama wa Nyarugusu. Vifaa hivyo vilikwisha kulipiwa na watu wa hapa, na thamani iliyobaki ndani yake ni mali yao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia moja. Lakini vipimo hivyo huhesabu kilichofika kiwandani. Redio iliyofufuliwa kwa kapasita ya redio nyingine haimo katika hesabu hiyo, ingawa ndiyo huduma iliyo bora kuliko kuyeyusha zote mbili.

Ipo pia hofu ya wizi, nayo ni ya kweli. Palipo na soko la spea, mtu atavunja taa ya barabarani au kuiba kidhibiti chaji cha zahanati ili auze. Ndiyo maana nataka kazi hii itoke uchochoroni. Fundi aliyesajiliwa aandike kwenye daftari jina la aliyemletea kifaa, aina ya kifaa na tarehe, na asinunue bodi ya kifaa cha umma isiyo na barua. Kwa mali za serikali, upo utaratibu wake wa kuondosha vifaa chakavu, nao ufuatwe. Ubaya ni kwamba kompyuta za shule na ofisi zinakaa stoo miaka na miaka zikisubiri utaratibu huo, na unyevu unamaliza kile ambacho kingefaa. Mashirika ya kambini nayo, yanapofuta vifaa kwenye orodha zao, yangeweza kuvikabidhi kwa vyuo vya wilaya zinazowahifadhi wakimbizi kabla ya kufikiria kuvizika au kuvisafirisha.

Mahali pa kuanzia papo. Kasulu na Kibondo zina vyuo vya maendeleo ya wananchi, na VETA ina mitaala ya elektroniki. Kanuni za mwaka 2021 za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizo awe na kibali. Nia yake ni njema. Hata hivyo, kibali kinachoeleweka kwa kampuni yenye ghala jijini hakimfai kijana mwenye meza moja na pasi moja, na NEMC, msimamizi wa mazingira wa taifa, ingefanya jambo jema kushirikiana na halmashauri kutoa daraja jepesi: usajili wa fundi mfumuaji, sharti la kutochoma kitu na kutogusa tindikali, ukaguzi wa afisa mazingira wa wilaya, na wajibu wa kurudisha mabaki. Chuo kiwe kituo cha kupokelea. Vifaa viingie kwa daftari, vinavyotengenezeka vitengenezwe, visivyotengenezeka vifumuliwe na wanafunzi chini ya mwalimu, spea zipimwe, zipangwe kwenye vikopo kwa namba zake, ziuzwe kwa mafundi wa mjini na ziende shule za sekondari kwa somo la fizikia.

Mabaki ndiyo sehemu ngumu, na mpango wowote usioyataja ni mpango nusu. Bodi zilizofumuliwa, bodi za simu, vioo vya chogo, mirija ya zebaki na betri havina kazi Kasulu, na haviwezi kurundikwa chuoni milele. Rwanda ina kiwanda kikubwa cha kuchakata taka hizi wilayani Bugesera, ambacho kwa Kibondo kiko karibu kuliko Dar es Salaam, lakini kuvuka mpaka kunahitaji ridhaa za nchi mbili chini ya Basel. Hilo ni la mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kulizungumza. Kwa sasa mabaki yatakwenda kwa wenye vibali ndani ya nchi, mara moja au mbili kwa mwaka, na gharama ya lori isibebeshwe fundi. Waagizaji wanaouza runinga na inveta katika mkoa huu wachangie, na mashirika yaliyoleta taa kwa maelfu yachangie sehemu yao. Kinachobaki kwa madiwani ni kidogo: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na katika bajeti za halmashauri za Kasulu na Kibondo kunahitajika fungu la chumba kimoja chenye dirisha na bomba la maji, mita chache za kupimia, na kontena moja lenye kufuli.